Maandishi Chini ya Uso wa Saa

Tarehe 10 Machi 2009, fundi saa mmoja aliketi mbele ya hadhara katika Jumba la Makumbusho la Taifa la Historia ya Marekani, mjini Washington, akaichukua saa ya mfukoni ya dhahabu na kuanza kuifungua taratibu. Saa hiyo ilikuwa ya Abraham Lincoln, rais wa kumi na sita wa nchi ile. Lincoln aliinunua katika miaka ya 1850 huko Springfield, jimbo la Illinois, kwa sonara aitwaye George Chatterton, wakati angali wakili tu. Wanaomjua kwa sifa ya mavazi yasiyomkaa vizuri hustaajabu kusikia kwamba mfukoni mwake mlikuwa na dhahabu. Lakini wakili naye hupenda ijulikane kuwa kazi yake inamlipa, na zama zile saa ndiyo iliyosema hivyo kwa niaba ya mwenyewe.

Hadhara ile haikukusanyika kuitazama dhahabu. Ilikuja kumsadiki au kumkadhibisha mzee mmoja aliyekwisha kufa miaka mingi, Jonathan Dillon, mhamiaji kutoka Ireland, ambaye mwaka 1861 alikuwa fundi katika duka la M. W. Galt lililokuwa katika barabara ya Pennsylvania, si mbali na makao ya rais. Mwaka 1906, akiwa na umri wa miaka 84, mzee Dillon alilisimulia gazeti la New York Times kisa ambacho mtu hukisikia akacheka kwa adabu. Alisema kwamba mwezi wa Aprili 1861 saa ya rais ililetwa dukani kutengenezwa, naye ndiye aliyekabidhiwa. Alikuwa katika kuurudishia uso wa saa, skrubu mkononi, pale Bwana Galt alipopanda ngazi kwa haraka na habari kwamba mzinga wa kwanza umelia: vita vimeanza. Dillon akazifungua tena skrubu, akautoa uso, na kwa chombo chenye ncha kali akaandika maneno juu ya bamba la chini. Kisha akaifunga saa, ikarudi kwa mwenyewe. Akaongeza kwamba, kwa kadiri ajuavyo, hakuna jicho jingine lililowahi kuyaona maandishi yale.

Maneno yenyewe, kama alivyoyakumbuka baada ya miaka arubaini na mitano, yalikuwa na maana hii: mzinga wa kwanza umepigwa, utumwa umekufa, namshukuru Mungu kwa kuwa tuna rais ambaye angalau atajaribu.

Hapo tutue kidogo, msomaji wangu, tuutazame ugumu wa madai haya. Shahidi ni mmoja. Tukio halikuonekana na mwingine. Kitu kinachotajwa kimefungwa, na mwenye kitu aliuawa kwa risasi tarehe 14 Aprili 1865, akafa asubuhi ya pili yake, bila kujua kwamba kila alipotazama saa alikuwa ameshika barua mkononi. Msimulizi ni mkongwe, na kisa kinampa heshima. Lau mzee kama huyo angekuwa wa kwetu, akakaa barazani na kusimulia kwamba yeye ndiye aliyeandika ndani ya saa ya mtawala, wangapi miongoni mwetu wangemwitikia "naam, mzee," kisha wakatazamana?

Saa iliendelea kukaa katika mikono ya kizazi cha Lincoln hadi mwaka 1958, kitukuu wake Lincoln Isham alipoikabidhi kwa taasisi ya Smithsonian, ambayo makumbusho yale ni tawi lake. Upande wa pili, katika ukoo wa Dillon, kisa kiliendelea kupokezanwa kwa mdomo. Kilembwe mmoja wa fundi yule alikisikia kwa mzee wa ukoo, na miaka mingi baadaye akaiona ile makala ya 1906. Akawaandikia watu wa makumbusho. Nao, badala ya kumshukuru na kuliweka jambo kwenye faili, wakakata shauri kuifungua saa.

Fundi alipouondoa uso, maandishi yalikuwapo. Yalikuwa madogo, yamechorwa kwa mkono uliozoea kazi nyembamba, na yule kilembwe, ambaye alialikwa kuwapo, ndiye aliyepewa nafasi ya kuyasoma kwa sauti. Dillon alikuwa ameandika jina lake, tarehe 13 Aprili 1861, na kwamba Ngome ya Sumter imeshambuliwa na waasi siku hiyo. Jina la ngome alilikosea, akaongeza herufi "p" isiyokuwamo. Chini yake akaandika tena tarehe, jina la mji wa Washington, na maneno ya kumshukuru Mungu kwa kuwa "tuna serikali," kisha akatia jina lake mara nyingine.

Hayo tu. Hakuna neno juu ya utumwa. Hakuna neno juu ya rais wala juu ya kujaribu kwake.

Ukweli wa tarehe nao umeteleza kidogo. Mizinga ya kwanza dhidi ya Ngome ya Sumter, katika bandari ya Charleston, ililia kiasi cha saa kumi na nusu alfajiri ya tarehe 12, wala si tarehe 13. Tarehe 13 ndiyo siku ambayo ngome ilisalimu amri. Kwa mtu aliyekuwa ghorofani katika mji mwingine, akisubiri habari za telegrafu zikichanganyika na uvumi wa mitaani, kosa la siku moja ni dogo mno, na kwa maoni yangu linamtetea zaidi kuliko linavyomshitaki. Anayetunga hadithi baada ya miaka hutazama kwanza kitabu cha historia akapata tarehe iliyo sahihi.

Sasa, je, mzee Dillon alisema kweli au hakusema? Mizani nyepesi itasema nusu kwa nusu. Mimi naona jibu hilo halimtendei haki. Alisema kwamba aliifungua saa ya rais siku ya habari za vita, akaandika, akashukuru, akafunga. Na yote hayo saa imeyathibitisha baada ya miaka 148. Kilichobadilika ni maneno aliyoshukuru nayo, na mabadiliko hayo yana sababu inayojulikana.

Mwezi wa Aprili 1861 hakuna aliyekuwa na haki ya kusema kwamba utumwa umekufa. Lincoln alikuwa ameapishwa tarehe 4 Machi, majuma machache tu kabla, na katika hotuba yake ya siku hiyo alitamka waziwazi kwamba hana nia ya kuuingilia utumwa katika majimbo ambamo tayari upo. Majimbo saba yalikuwa yamekwisha kujitenga, na mengine manne yalifuata baada ya mapigano kuanza. Hofu ya kila mtu mjini Washington ilikuwa kama nchi itakuwapo au haitakuwapo. Dillon alisimulia kwamba katika duka lile yeye peke yake ndiye aliyekuwa upande wa Muungano. Mtu aliye peke yake miongoni mwa wenzake wa kazi, akisikia kuwa waasi wamefyatua mizinga, hushukuru kwa jambo lililo karibu: kwamba tuna serikali, kwamba yuko wa kuwajibu. Tangazo la kuwaacha huru watumwa katika majimbo ya waasi lilitoka tarehe 1 Januari 1863, na katiba ikaupiga utumwa marufuku mwezi wa Desemba 1865. Vita vilivyoanza kwa ajili ya kuilinda dola viliishia kuwa vita vya kuwakomboa watu. Kufikia mwaka 1906 kila mtoto wa shule alikuwa akifundishwa mwisho kabla ya mwanzo, na mzee Dillon, pasipo hila yoyote, aliukumbuka mwanzo kwa maneno ya mwisho.

Jambo hili si geni kwetu tulioishi na wazee. Nimewasikiliza watu wazima wengi wakisimulia mambo ya ujana wao, na mara nyingi tukio huwa limesimama imara, ila usemi ndio uliovishwa nguo mpya. Bibi hukumbuka hasa mahali alipoketi siku babu alipokuja kuposa, na rangi ya kitambaa cha mezani. Lakini maneno anayomtilia babu kinywani ni ya mume aliyekuja kumjua baada ya miaka hamsini ya ndoa. Anayemkata kauli kwa sababu hiyo hupoteza na kitambaa.

Na kwa kuwa tumeutaja utumwa, nisipite kana kwamba ni habari ya ng'ambo. Mwaka ule wa 1906 ambao Dillon aliliambia gazeti kwamba aliandika "utumwa umekufa," katika pwani yetu hii utumwa ulikuwa bado unatambuliwa na sheria. Hadhi hiyo iliondolewa mwaka 1907. Wako miongoni mwetu waliowahi kuwashika mikono watu waliozaliwa kabla ya mwaka huo. Katika mambo hayo riwaya za majumbani kwetu zimevishwa nguo nyingi kuliko za Dillon: aliyekuwa mtumwa husimuliwa kama "mtu wa nyumba," aliyenunuliwa husimuliwa kama "aliyelelewa." Silaumu, pengine wazee walikuwa wakiwasitiri walio hai. Lakini anayekusanya habari za ukoo wake na asikutane na neno hilo hata mara moja, na auchunguze upya mkusanyo wake.

Ndani ya saa ya Lincoln mlikuwa na mengine ambayo Dillon hakuyataja, wala asingeweza kuyajua. Fundi mwingine alichora jina lake, L. E. Grofs, na mwezi wa Septemba 1864, pamoja na jina la mji. Hilo ni desturi ya kazi: mafundi wengi wa saa walikuwa wakiweka alama ndani ya saa waliyoitengeneza ili siku ikirudi wajue nani aliigusa na lini. Lakini mahali pengine pa bamba pamechorwa maneno mawili, "Jeff Davis," bila tarehe wala saini. Jefferson Davis ndiye aliyekuwa rais wa majimbo yaliyoasi. Mtu fulani, aliyepewa kwa uaminifu saa ya rais, alilitia jina la adui yake ndani ya mfuko wake. Lincoln alitembea na wote wawili, anayemshukuru na anayemcheka, na saa ikaendelea kumwambia wakati.

Nimeyaleta haya juma hili kwa sababu ya barua iliyofika kwa safu hii kutoka kwa mama mmoja. Ukoo wake una saa ya mfukoni ya fedha, ya kutiwa ufunguo, ambayo babu yao alikuwa akiiweka katika kizibao chake siku za Idi. Kwa riwaya ya nyumbani, saa hiyo ilitolewa zawadi na Sayyid Barghash kwa baba wa babu huyo. Sasa babu ametangulia mbele ya haki. Kaka mmoja ataka iuzwe, kwa kuwa "saa ya Sultani" itapata bei. Mwingine asema ni hadithi za wazee, na saa yenyewe ni ya kawaida. Dada mkubwa amekasirika na kuifungia kabatini. Mama huyo auliza kama yafaa kuipeleka kwa fundi ifunguliwe, au kufanya hivyo ni kumkosea marehemu kwa kumtilia shaka.

Bibi yangu mheshimiwa, habari ya nani ana fungu gani katika saa hiyo ipelekeni kwa Kadhi. Safu hii haigawi mirathi. Ama swali lako la pili, kuichunguza saa hakumkosei marehemu. Ile familia ya Marekani haikumheshimu mzee wao kwa kumnyamazia. Ilimheshimu kwa kulichukulia neno lake kuwa zito kiasi cha kufaa kupimwa.

Ila fuateni mpango walioufuata wao, na mpango wenyewe uko katika kutanguliza kitu kimoja mbele ya kingine. Riwaya ya Dillon ilikuwa imechapishwa miaka 103 kabla ya saa kufunguliwa. Hakuna aliyeweza kusema baadaye, "aa, alimaanisha hivi." Basi kabla hamjampelekea fundi, kaeni pamoja na kila mmoja aandike alichosikia: nani alikisimulia, mahali gani, naye alikipata kwa nani, na maneno yapi hasa. Dada mkubwa aandike peke yake kabla ya kusikia ya wengine. Tieni tarehe, mtie saini. Huenda mkagundua hapo hapo kwamba wawili walisikia "Sayyid Barghash" na mmoja alisikia "Sultani" tu. Na Masultani walikuwa wengi. Jina la mtu maarufu huvuta visa vya wasio maarufu kama taa ivutavyo wadudu.

Kisha tazameni kasha. Ikiwa fedha yake ilipimwa Uingereza, ndani ya kifuniko mtaona mihuri midogo iliyopigwa kwa safu: simba atembeaye kwa fedha halisi, alama ya mji, kwa mfano kichwa cha chui kwa London au nanga kwa Birmingham, na herufi moja. Herufi hiyo ndiyo shahidi wenu. Kila mji ulibadilisha herufi yake mwaka hata mwaka, na orodha zake zimechapishwa, kwa hiyo sonara mjuzi aweza kukuambia mwaka wa kupigwa muhuri. Sayyid Barghash alitawala tangu 1870, alizuru Uingereza mwaka 1875, na alifariki mwaka 1888. Herufi ikiangukia kabla ya hapo, riwaya yenu haijathibitika, lakini mlango wake uko wazi. Ikiangukia mwaka 1895 au 1910, Sayyid Barghash hakuitoa saa hiyo, na mtarudi kwenye karatasi zenu kumtafuta aliyeitoa. Kumbukeni tu kwamba kasha na mashine si lazima viwe vya umri mmoja. Kasha lililochakaa lilibadilishwa, mashine ikabaki.

Kuhusu fundi, mchagueni mzee aliyezizoea saa za ufunguo, wala si kijana wa betri, hata akiwa na mikono mizuri. Asiitie ufunguo kabla ya kuisafisha, maana mafuta yaliyokauka kwa miaka hukwaruza ekseli. Msiisugue kwa ndimu wala majivu ili ing'are kwa ajili ya mnunuzi. Alama mnayoitafuta yaweza kuwa nyembamba kuliko unywele. Mwombeni auondoe uso mbele yenu, na mpige picha za bamba kwa mwanga unaotoka ubavuni, kwani mwanga wa moja kwa moja huyameza maandishi ya kuchorwa. Kila jina mtakaloliona, hata la fundi wa Zanzibar au Mombasa aliyeacha alama ya kazi yake tu, liandikeni.

Wote watatu muwepo siku hiyo, pamoja na dada mkubwa. Yeye ndiye ashike ufunguo wa kabati hadi mlangoni pa fundi.